Ahadi ya Karatasi na Ushuhuda wa Mita



Mwalimu yeyote aliyesahihisha mitihani kwa miaka mingi anamfahamu mwanafunzi wa aina hii: amekariri maswali ya miaka iliyopita, anajua mtahini hupenda nini, anapata alama nzuri, na baada ya miezi miwili hawezi kuitumia hata moja ya kanuni alizoziandika. Hakudanganya. Alijibu alichoulizwa. Kosa ni letu sisi tulioutunga mtihani, kisha tukayasoma matokeo kana kwamba yanapima jambo ambalo hatukuliuliza.

Nautumia mfano huo ili nizungumzie jambo linalodhaniwa kuwa la mafundi peke yao, nalo ni jinsi sheria inavyopima matumizi ya nishati katika majengo yasiyo ya makazi: ofisi, shule, hospitali, maduka, hoteli. Nitaitazama Uingereza, kwa sababu huko jambo hili limo katika sheria kwa muda mrefu, limechunguzwa, na kasoro zake zimekubaliwa hadharani. Maoni yangu ni haya: hesabu inayofanywa kabla ya ujenzi ili jengo lipate kibali ni chombo chema na cha lazima, lakini sheria isiyorudi kuisoma mita baada ya jengo kukaliwa imepokea ahadi bila kudai itimizwe. Na wahenga walikwisha kutuambia kwamba ahadi ni deni.

Kwanza tuelewe hesabu yenyewe. Zamani kanuni za huko zilitaja sehemu za jengo moja moja: ukuta usipitishe joto kupita kiasi fulani, madirisha yasizidi eneo fulani. Tarehe 16 Desemba 2002 Umoja wa Ulaya, ambao Uingereza ilikuwa mwanachama wake wakati ule, ulitoa agizo lililozitaka nchi zote ziwe na njia ya kulihesabu jengo zima kwa pamoja. Mwaka 2006 Sehemu L ya Kanuni za Ujenzi, ile inayohusu kuhifadhi nishati, ikageuzwa kufuata njia hiyo. Taasisi ya utafiti wa majengo iitwayo BRE iliitengenezea serikali programu yenye jina SBEM, ambayo huhesabu matumizi ya jengo mwezi kwa mwezi. Kwa majengo yenye ugumu zaidi, wahandisi waliruhusiwa kutumia programu nyingine zilizoidhinishwa, ambazo hufuata mabadiliko ya joto saa kwa saa.

Programu hulichukua jengo lililochorwa na kuliweka kando ya jengo la pili ambalo halitajengwa kamwe. Jengo hilo la kufikirika lina ukubwa uleule, umbo lilelile na vyumba vilevile. Linaelekea upande uleule na kupata jua na baridi ileile. Ila kuta zake, madirisha yake, taa zake na mitambo yake ni zile ambazo sheria imezifanya kuwa kipimo. Kisha huhesabiwa kila moja litasababisha kilo ngapi za hewa ukaa kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Jengo linalotaka kujengwa lisipozidi lile la kufikirika, na likitimiza masharti mengine ya chini, limepita. Tangu toleo la 2021, lililoanza kutumika tarehe 15 Juni 2022, kipimo cha pili kimeongezwa, nacho ni nishati ya msingi, yaani nishati yote tangu chanzo chake, pamoja na ile iliyopotea katika kuzalisha umeme na kuusafirisha.

Mazoea ya watu ndani ya jengo nayo hayaachiwi matakwa ya msanifu. Kila aina ya chumba, iwe darasa, wodi, jiko au ofisi, imepangiwa saa za kutumika, idadi ya watu, kiasi cha joto na kiasi cha mwanga. Wote hutumia orodha hiyo moja. Hapo watu wengi hushangaa na kusema: shule yetu hufungwa saa kumi, mbona programu imeandika saa nyingine? Swali hilo ni la haki, lakini jibu lake pia ni la haki. Mkaguzi hawezi kujua leo nani atalipanga jengo baada ya miaka mitano. Kama kila mjenzi angeruhusiwa kutaja saa zake mwenyewe, aliye mwerevu angeandika kwamba ofisi yake itafunguliwa siku mbili kwa juma, naye angepita bila kuongeza hata kizuizi kimoja cha joto ukutani. Wauzaji wa kitenge sokoni hutumia mita moja ili mnunuzi asipunjwe. Hesabu hii ni mita ya namna hiyo: inalinganisha jengo na jengo kwa masharti sawa. Ikisomwa hivyo, ni ya kweli.

Matatizo huanza mtu anapoichukua tarakimu ya ulinganisho na kuifanya utabiri wa bili ya umeme. Hesabu hiyo huingiza katika hukumu yake kupasha joto, kupoza hewa, maji ya moto, taa, feni na pampu. Haiingizi kompyuta, lifti, majiko ya kupikia, mashine za hospitali, wala taa za uani. Katika ofisi ya siku hizi vitu hivyo si vidogo. Mwenye jengo akiambiwa kwamba jengo lake limepita kwa kiasi kikubwa, hudhani bili yake itashuka kwa kiasi hicho hicho. Hakuna aliyemwambia uongo; lakini pia hakuna aliyemweleza swali lililoulizwa lilikuwa lipi.

Tofauti hiyo imepimwa. Kati ya 1995 na 2002 uchunguzi ulioitwa PROBE ulirudi katika majengo yaliyokwisha kukaliwa, ukasoma mita, ukawauliza waliomo, na kuyachapisha yaliyoonekana katika jarida la wahandisi. Baadaye Innovate UK, wakala wa serikali wa uvumbuzi, uligharimia uchunguzi mwingine ulioanza 2010. Ripoti yake kuhusu majengo yasiyo ya makazi, iliyotolewa 2016, ilisema kwamba kwa wastani majengo yale yalisababisha hewa ukaa mara 3.8 ya makadirio ya usanifu. Na haya hayakuwa majengo ya wajenzi wazembe. Mengi yalisanifiwa kwa nia ya kuwa mfano kwa wengine.

Tuwe waadilifu tunapoisoma tarakimu hiyo. Sehemu yake inatokana na ule ukweli nilioutaja, kwamba hesabu ya sheria haikuvihesabu vitu vyote ambavyo mita huvihesabu. Kumlaumu msanifu kwa ajili ya kompyuta za mpangaji si haki. Lakini sehemu iliyobaki haina udhuru huo. Wachunguzi walikuta mitambo ya kuongoza joto iliyokuwa migumu kiasi kwamba msimamizi wa jengo hakuielewa na akaiacha ikifanya kazi usiku kucha. Walikuta mitambo iliyofungwa kwa haraka ili jengo likabidhiwe kwa tarehe ya mkataba, bila kujaribiwa sawasawa. Walikuta mita zilizofungwa kwa gharama na zisizosomwa na mtu. Jambo hili la mwisho linaumiza zaidi, kwa maana kanuni zenyewe zimeagiza tangu miaka mingi kwamba walau asilimia 90 ya nishati inayokadiriwa iweze kugawanywa na mita kadiri ya matumizi: hii ya taa, hii ya joto, hii ya feni. Daftari limenunuliwa, kalamu ipo, wala hakuna anayeandika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna kasoro nyingine iliyo ndani ya hesabu yenyewe, nayo hunifikirisha kuliko zote. Nimesema kwamba jengo la kufikirika lina umbo lilelile la jengo lililochorwa na linaelekea upande uleule. Maana yake ni kwamba msanifu akichora jengo lenye pembe nyingi na kuta ndefu zinazopoteza joto, mpinzani wake naye hupewa pembe hizohizo na kuta hizohizo. Hapati adhabu. Na msanifu mwenye busara, aliyelikunja jengo lake likawa na kuta chache na kuligeuza lipokee jua vizuri, hapati tuzo, kwa sababu mpinzani wake naye ameboreshwa kwa kiasi hicho hicho. Uamuzi ambao hugharimu kidogo kuliko yote, ule wa kuchagua umbo na mwelekeo siku ya kwanza, haumsaidii mtu kupita. Wazee wetu waliojua upande wa upepo na upande wa jua la alasiri kabla ya kusimika nguzo ya kwanza wangeona ajabu.

Ndiyo sababu katika ofisi nyingi mfanya hesabu huitwa mwishoni. Michoro imekwisha, bei imekubaliwa, naye huombwa tu alipitishe jengo. Abadilishe nini basi? Ataongeza taa bora, au paneli za jua juu ya paa, hata hesabu ikubali. Nishati ambayo ingeepukwa kwa kalamu ya msanifu sasa inaepukwa kwa fedha, au haiepukwi kabisa.

Mtu anaweza kuniuliza: haya ya ofisi za London yatuhusu nini sisi wa Kongo? Yanatuhusu, kwa sababu hesabu za namna hii husafiri. IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na sekta binafsi, lina mfumo uitwao EDGE unaotumika katika nchi nyingi za Afrika. Huo nao hulinganisha jengo lililochorwa na jengo la kawaida la mahali pale, na hudai upungufu wa walau asilimia 20 katika nishati, katika maji, na katika upande wa vifaa vya ujenzi. Jirani zetu wa Rwanda waliweka mwaka 2019 masharti yao ya chini ya ujenzi unaotunza mazingira. Nasi siku moja tutaandika ya kwetu. Ni heri kujua mapema mahali ambapo wengine walijikwaa.

Nitoe mfano mmoja unaotugusa moja kwa moja. Katika hesabu ya Uingereza, kilowati-saa moja ya umeme ilikadiriwa mwaka 2013 kuwa na kilo 0.519 za hewa ukaa. Katika toleo la 2021 wastani wake umewekwa kilo 0.136, kwa kuwa mitambo ya makaa ya mawe ilikuwa ikifungwa na ile ya upepo kuongezeka. Mtambo wa mwisho wa makaa ulizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Jengo lilelile, likipoteza umeme uleule, sasa linaonekana safi karibu mara nne. Ndiyo maana ilikuwa busara kuongeza kipimo cha pili. Sasa tuitazame nchi yetu. Umeme wa mtandao wetu karibu wote hutoka katika maji: Inga kwenye mto Kongo, Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, Ruzizi karibu na Bukavu. Tukinakili sheria inayopima hewa ukaa peke yake, kila jengo lililounganishwa na mtandao huo litapata alama nzuri, hata lile linalowasha viyoyozi huku madirisha yako wazi. Lakini walio wengi katika nchi yetu hawajafikiwa na umeme. Kwetu ubaya wa kuupoteza hauko katika moshi. Uko katika kata iliyo gizani upande wa pili wa barabara, na katika mazutu yanayonunuliwa kwa jenereta kila umeme unapokatika. Hospitali inayotumia nishati mara mbili ya iliyohitaji huilipa kwa dawa ambazo haikuzinunua. Shule huilipa kwa vitabu.

Njia nyingine ipo, nayo imejaribiwa. Huko Australia, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ulianza mfumo unaojulikana leo kwa jina la NABERS. Huo huhukumu kwa mita: miezi 12 ya matumizi halisi, na nyota kutoka 1 hadi 6. Anayetaka kujenga huweza kutia sahihi mkataba wa kuahidi nyota kadhaa kabla ya jengo kuwepo, na baada ya jengo kukaliwa mita husema kama alitimiza. Hesabu haikutupwa. Imebaki na kazi yake, tena imekuwa makini zaidi: mfanya hesabu hutakiwa aonyeshe itakuwaje mitambo ikienda vibaya au watu wakikaa hadi usiku, na mtaalamu wa nje huikagua kazi hiyo. Hali imekuwa kama ya mwanafunzi anayejua kwamba baada ya mtihani atapelekwa kufundisha darasa la kweli. Mfumo huo uliletwa Uingereza mwaka 2020 kwa ajili ya ofisi, lakini kwa hiari ya mwenye jengo. Na toleo la 2021 la Sehemu L limepiga hatua yake: jengo jipya linalozidi mita za mraba 1,000 liwe na makadirio ya matumizi yake yote halisi, kwa njia kama ile ya chama cha wahandisi CIBSE iitwayo TM54, na makadirio hayo yatunzwe katika daftari la jengo.

Hatua hiyo ni njema, lakini kuandika makadirio bila kumlazimisha mtu ayalinganishe na mita ni kuongeza ahadi ya pili juu ya ya kwanza.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito. Wanasema mita hufika ikiwa imechelewa: jengo limekwisha simama, nalo halibomolewi kwa sababu ya bili. Ni kweli, na kwa hiyo sidai hesabu iondolewe. Mlango wa kwanza ubaki pale ulipo. Tena wanasema mjenzi asibebeshwe mzigo wa mpangaji mfujaji. Hili pia ni kweli, na Waaustralia walilijibu kwa kutenganisha mita: za mwenye jengo, yaani lifti, mitambo ya hewa na taa za sehemu za wote, na za mpangaji katika vyumba vyake. Kila mmoja hujibu kwa lililo lake. Hoja ya tatu ni gharama, nayo hainishawishi. Kusoma mita iliyokwisha kufungwa ni kazi ya mtu mmoja mwenye kalamu.

Uingereza yenyewe inajua hivyo. Tangu Oktoba 2008 majengo makubwa ya mamlaka za umma yanayotembelewa na wananchi yamelazimika kubandika mahali pa wazi cheti kinachotokana na mita, chenye daraja A hadi G. Mwaka 2015 sharti hilo lilishushwa hadi kuyafikia majengo ya mita za mraba 250. Ofisi za watu binafsi hazikuwekewa sharti hilo. Hizo huhukumiwa kwa cheti cha hesabu. Na cheti hicho kina nguvu kubwa: tangu Aprili 2018 jengo la daraja F au G halikuruhusiwa kupewa mpangaji mpya, na tangu Aprili 2023 halikuruhusiwa hata kuendelea kupangishwa, isipokuwa kwa udhuru unaokubalika. Hata hivyo, mwaka 2012 ripoti ya umoja wa wamiliki wa majengo iliyolinganisha vyeti vya hesabu na matumizi halisi ya majengo zaidi ya 200 haikuona uhusiano wa maana kati ya hivyo viwili. Kwa hiyo mali ya mtu inaweza kupanda au kushuka thamani kwa tarakimu isiyoeleza kinachotokea ndani ya kuta zake.

Kwa upande wangu naona mambo matatu yangetosha kurekebisha mengi, huko na hapa kwetu siku yetu itakapofika. La kwanza, karatasi ya hesabu itaje katika ukurasa wake wa kwanza, kwa maneno yanayoeleweka na mtu asiye fundi, vitu ambavyo haikuvihesabu. La pili, anayefanya hesabu aitwe siku msanifu anapochora mstari wa kwanza, na sheria ilipe tuzo umbo jema na mwelekeo mwema, badala ya kulilinganisha jengo na pacha wake mwenye kasoro zilezile. La tatu, baada ya mwaka mmoja na baada ya kila mwaka, matumizi yaliyosomwa kwenye mita yabandikwe mlangoni, kando ya yale yaliyoahidiwa, kwa jengo la umma na la mtu binafsi sawasawa.

Hili la tatu halihitaji kungoja sheria. Mkuu wa shule, mganga mkuu, msimamizi wa ofisi yoyote anaweza kulianza mwezi ujao: daftari moja, safu tatu, tarehe, tarakimu ya mita, na lita za mazutu zilizoingia katika jenereta. Baada ya miezi 12 atajua jambo kuhusu jengo lake ambalo cheti hakikumwambia. Na mjenzi atakapomletea mchoro wa jengo jipya pamoja na hesabu nzuri, atakuwa na swali la kumwuliza.